Maneno Yaliyoachwa Njiani: Uhakiki wa Maendeleo ya Utafiti wa Mantiki ya Fazi na Ukokotozi Laini

Historia ya mantiki ya fazi imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha mwanazuoni aliyebezwa na hatimaye akashinda. Kwa mujibu wa simulizi hilo, Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha mwaka 1965 makala kuhusu seti za fazi; vigogo wa taaluma ya udhibiti na ya takwimu wakamkejeli; Wajapani wakalichukua wazo lake, wakaendesha nalo treni na mashine za kufulia; na mabishano yakaishia hapo. Simulizi hilo lina ukweli mwingi. Kasoro yake ni kwamba linahesabu mafanikio bila kuuliza ni kitu gani hasa kilichofanikiwa, na kwa sababu hiyo halioni kilichopotea baadaye. Makala hii inadai kwamba nguvu ya awali ya mantiki ya fazi ilitokana na maneno ya watu wanaoijua kazi yao. Kwamba utafiti uliofuata, hasa chini ya mwavuli wa ukokotozi laini, uliyaacha maneno hayo hatua kwa hatua ukabaki na hesabu zake. Na kwamba zana zinazowafikia washauri wa sera leo mara nyingi hunadiwa kuwa zinafikiri kama binadamu, ilhali hakuna binadamu aliyeulizwa analitumiaje neno.

Fazi, utata na uwezekano

Istilahi yenyewe inahitaji kutazamwa kwanza. Neno "fazi" limetoholewa hapa kwa makusudi. "Fifi" lina kasoro: kinachofifia hupoteza nuru au nguvu, ilhali neno kama "mrefu" halijapoteza chochote, ni neno zima linalofanya kazi yake kila siku bila kuwa na mpaka. "Utata" nao unapotosha. Neno "kaa" lina utata kwa kuwa lina maana zaidi ya moja, na muktadha huuondoa utata huo. "Mrefu" lina maana moja tu, na hakuna muktadha utakaoonyesha ni sentimita ipi ambayo urefu huanzia. Wanafalsafa waliliona jambo hili mapema. Jan Łukasiewicz alijenga mwaka 1920 mantiki yenye thamani tatu za ukweli badala ya mbili, na Max Black aliujadili ukosefu huu wa mipaka kwa kina mwaka 1937. Alichoongeza Zadeh ni kipimo: badala ya kusema kitu kimo katika seti au hakimo, alikipa kila kitu kiwango cha uanachama kati ya 0 na 1. (Mwanahisabati Dieter Klaua alichapisha wazo la karibu sana na hilo mwaka huohuo, kwa Kijerumani. Jina lake halitajwi sana, na pengine lugha aliyoitumia ina sehemu yake katika usahaulifu huo.)

Tofauti kati ya kukosa mpaka na kukosa uhakika ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa zaidi, na mfano wa karibu unatosha kuieleza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika tahadhari zake, huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 katika saa 24. Kwa seti ya kawaida, mvua ya milimita 49 haimo na ya milimita 51 imo. Kwa seti ya fazi, mvua hizo mbili zitakuwa na viwango vya uanachama vinavyokaribiana sana. Sasa itazamwe sentensi "kuna uwezekano wa mvua kubwa kesho". Ndani yake mna mashaka mawili. Shaka la kwanza litaondoka kesho jioni, kwani mvua itakuwa imenyesha au haikunyesha. La pili halitaondoka: hata baada ya kipimo kusoma milimita 46, watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana kama iliyonyesha ilikuwa mvua kubwa. La kwanza ni la nadharia ya uwezekano. La pili ndilo la mantiki ya fazi.

Mwanatakwimu Dennis Lindley alishikilia kwamba nadharia ya uwezekano inatosha kwa kila aina ya kutokuwa na uhakika. Didier Dubois na Henri Prade, wakifanya kazi Toulouse, walijibu kwa kutenganisha kiwango cha ukweli na kiwango cha kuamini, na katika hoja hiyo mahususi jibu lao linasimama. Pingamizi la Rudolf Kalman, mtaalamu wa nadharia ya udhibiti, lilikuwa la aina nyingine na lilistahili heshima zaidi ya iliyopewa. Mwaka 1972 alilalamika, kwa lugha kali, kwamba wazo la Zadeh linahalalisha ulegevu katika sayansi. Ukali huo ukiwekwa kando, swali lililobaki ni la haki: ikiwa kila mtafiti anaweza kuchora grafu ya uanachama kama apendavyo, ni nidhamu gani inayotofautisha grafu nzuri na mbaya? Miaka ya kwanza ya matumizi ilitoa jibu ambalo halikuandikwa katika nadharia, nalo ni mtu aliyesimama mbele ya mtambo.

Injini ya mvuke na tanuri la saruji

Mwaka 1973 Zadeh aliihamisha mada kutoka kwenye seti hadi kwenye maneno, na mwaka 1975 akaikamilisha dhana ya kigeu cha kimaneno, yaani kigeu ambacho thamani zake ni maneno kama "chini", "wastani" na "juu sana" badala ya namba. Wa kwanza kuufanya mpango huo uguse chuma walikuwa Ebrahim Mamdani na mwanafunzi wake Seto Assilian, katika Queen Mary College ya Chuo Kikuu cha London. Mamdani alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akasoma India kabla ya kwenda Uingereza. Jina lake sasa ni istilahi: programu za kutengeneza mifumo ya fazi huwa na chaguo linaloitwa kwa jina lake. Makongamano ya Kiswahili yana haki ya kulitaja hilo kwa fahari, mradi fahari isichukue nafasi ya kulisoma jaribio lenyewe.

Jaribio lilihusu injini ndogo ya mvuke ya maabara. Vilivyotakiwa kudhibitiwa ni viwili, kanieneo ndani ya boila na mwendo wa injini. Vilivyoweza kubadilishwa navyo ni viwili, moto unaopashwa na kilango kinachopitisha mvuke. Ugumu ni kwamba kila kimoja humvuta mwenzake: anayefungua kilango ili kuongeza mwendo hupunguza kanieneo. Badala ya kutafuta milinganyo ya injini, watafiti waliandika kanuni ambazo mwendeshaji angeweza kuzitamka, kwa umbo kama hili: ikiwa kanieneo iko chini sana ya inayotakiwa na haibadiliki, basi ongeza moto kwa wingi. Kila neno katika kanuni lilipewa grafu ya uanachama. Kanieneo iliyopimwa ikawa "chini kidogo" kwa kiwango fulani na "chini sana" kwa kiwango kingine. Kanuni zote zinazohusika zikafanya kazi kwa pamoja, kila moja kwa nguvu ya kiwango chake. Majibu yakaunganishwa na namba moja ikapatikana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1974 na 1975 yalionyesha kwamba injini ilidhibitika vizuri.

Kwa kawaida sifa ya jaribio hili huenda kwa hesabu. Lakini hesabu yake ilikuwa nyepesi: kuchukua kilicho kidogo, kuchukua kilicho kikubwa, kutafuta kitovu. Kilichokuwa na uzito ni kwamba ujuzi wa kuendesha injini uliwekwa katika sentensi ambazo mwendeshaji mwingine angeweza kuzisoma, kuzipinga na kuzirekebisha bila kujua chochote kuhusu seti.

Tanuri la saruji linaithibitisha hoja hiyo vizuri kuliko injini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wahandisi Lauritz Holmblad na Jens-Jørgen Østergaard wa kampuni ya F.L. Smidth nchini Denmark walitengeneza kidhibiti cha fazi kwa ajili ya tanuri linalozunguka. Mchakato wa kuchoma klinka ulikuwa mgumu kuwekwa katika milinganyo, lakini waendeshaji wenye uzoefu waliumudu kwa kuangalia moto, rangi na dalili nyingine chache. Mahali pa kuanzia palikuwa kanuni zilizokwisha kuandikwa katika kitabu cha kufundishia waendeshaji wa matanuri. Kwa maneno mengine, kabla ya mantiki ya fazi kufika, jamii ya wafanyakazi ilikuwa tayari imekubaliana juu ya msamiati na kanuni zake. Nidhamu aliyoidai Kalman ilikuwepo. Ilikaa kwa wafanyakazi, nje ya nadharia.

Mengine yanajulikana na hayahitaji kurefushwa. Treni ya chini ya ardhi ya Sendai ilianza kazi Julai 1987 ikiwa na mfumo wa Hitachi ambao Seiji Yasunobu na Shoji Miyamoto waliubuni. Mfumo huo hukadiria matokeo ya kila amri kabla ya kuitoa, kisha hupima kwa maneno ya fazi starehe ya abiria na usahihi wa kusimama. Wimbi la mashine za kufulia na kamera likafuata. Serikali ya Japani ikaunga mkono maabara ya kimataifa ya uhandisi wa fazi huko Yokohama, iliyodumu kuanzia 1989 hadi 1995.

"Sana" na kipeo cha pili

Ikiwa maneno ndiyo yaliyobeba kazi, ingetarajiwa kwamba utafiti ungeyachunguza maneno kwa bidii. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi wa taaluma hii, na mtafiti wa Kiswahili anaweza kuuona bila msaada wa darubini.

Mwaka 1972 Zadeh alipendekeza namna ya kuvishughulikia viongeza na vipunguza maana. Neno la Kiingereza lenye maana ya "sana" alilifanya kuwa kipeo cha pili: mtu ambaye ni mrefu kwa 0.8 ni mrefu sana kwa 0.64. Neno lenye maana ya "kiasi" akalifanya kipeuo cha pili: aliye mrefu kwa 0.64 ni mrefu kiasi kwa 0.8. Ukanusho akaufanya kutoa kutoka 1: aliye mrefu kwa 0.8 si mrefu kwa 0.2. Pendekezo hilo lina uzuri wa kihisabati, na limenakiliwa katika vitabu vya kiada kana kwamba ni sheria ya lugha.

Dosari yake ya kwanza inaonekana bila kufanya jaribio lolote. Kipeo cha pili cha 1 ni 1. Kila ambaye ni mrefu kikamilifu atakuwa mrefu sana kikamilifu, na mrefu sana sana kikamilifu pia. Hakuna msemaji anayetumia "sana" hivyo. Kazi ya neno hilo ni kuwatenga wachache miongoni mwa wale ambao urefu wao haubishaniwi. Mwanaisimu George Lakoff alilijadili pendekezo hili mwaka 1973, naye alidokeza kwamba neno hilo huisogeza grafu yenyewe. Harry Hersh na Alfonso Caramazza, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976 ambamo watu waliulizwa kuhusu miraba ya ukubwa mbalimbali, walipata ushahidi unaoelekea upande huohuo. Ushahidi huo una karibu nusu karne, lakini kipeo cha pili bado kinafundishwa.

Kiswahili kinaongeza matatizo ambayo Kiingereza hakikuyaleta. Takriri ni mfano mmoja. "Weusiweusi" hupunguza, maana yake ni weusi usiokamilika. "Sawasawa" haipunguzi, hukaza. "Samaki wadogowadogo" haisemi sana kuhusu kiwango cha udogo kama inavyosema kuhusu wingi wa samaki ambao kila mmoja ni mdogo. Hakuna amali moja ya hesabu inayoweza kuitwa takriri. Tena "sana" na "mno" hazitofautiani kwa kipeo. Maji yenye nyuzijoto 45 yanaweza kuwa ya moto mno kwa kumwogeshea mtoto mchanga na yasiwe ya moto hata kidogo kwa kutengenezea chai. "Mno" humtaka msikilizaji ajue lengo. Yapo pia maneno ambayo lengo limo ndani yake tayari. Chumvi "imekolea" ikifika inapotakiwa, na ikipita hapo "imezidi". Grafu ya "kukolea" ina kilele na hushuka pande zote mbili, na mahali pa kilele hujulikana na mpishi. "Vuguvugu" nalo halipatikani kwa kupunguza "moto" wala kwa kuongeza "baridi". Ni neno lenye makazi yake.

Ukanusho ndio unaovunja kabisa. Mkulima akisema mavuno ya mwaka huu "si haba", hesabu ya kutoa kutoka 1 itaipa kauli hiyo kiwango cha juu zaidi pale mavuno yanapokuwa makubwa kupita yote. Kwa matumizi halisi, "si haba" husemwa hasa kwa mavuno ya wastani yanayotosheleza, pamoja na shukrani na tahadhari ya kutojisifu. Mfumo wa fazi utakaomuuliza mkulima huyo kwa Kiswahili na kuichakata kauli yake kwa kanuni ya mwaka 1972 utamwandika kuwa tajiri.

Lengo la mifano hii ni kuonyesha aina ya kazi ambayo haikufanywa. Haidaiwi hapa kwamba Kiswahili kina mantiki ya pekee. Kipindi cha 1975 hadi 1990 kilikuwa ndicho kipindi cha kufanya uchunguzi wa maneno katika lugha nyingi, pamoja na wazungumzaji wake, kwa mbinu za isimu na saikolojia. Utafiti ulielekea kwingine.

Kutoka kwenye neno hadi kwenye data

Mwelekeo huo ulianza kwa hatua yenye faida ya wazi. Mwaka 1985 Tomohiro Takagi na Michio Sugeno walipendekeza kanuni ambazo upande wake wa "ikiwa" una maneno lakini upande wa "basi" una mlinganyo. Umbo hilo lilirahisisha kukadiria mfumo kutokana na data, na baadaye likawezesha kuthibitisha uthabiti wa vidhibiti, jambo ambalo wahandisi walikuwa na kila sababu ya kulitaka. Lakini nusu ya sentensi ilikuwa imeondoka. Mwaka 1992 Li-Xin Wang na Jerry Mendel walitoa njia ya kuzalisha kanuni moja kwa moja kutoka kwenye mifano ya data. Mwaka 1993 Jyh-Shing Roger Jang akaunganisha mfumo wa fazi na mafunzo ya mitandao ya nyuroni, hata grafu zenyewe zikawa zinasogezwa na kompyuta hadi kosa lipungue. Mtu aliyeijua injini hakuhitajika tena.

Katika mazingira hayo ndipo jina la ukokotozi laini lilipoenea. Zadeh alianzisha mradi wake wa Berkeley mwaka 1991, na mwaka 1994 akaeleza kwa upana muungano wa mantiki ya fazi, mitandao ya nyuroni na mbinu nyinginezo zikiwemo algoriti za kijenetiki, zote zikivumilia kutokuwa na usahihi ili kupata suluhisho la gharama nafuu. Muungano huo ulikuwa na mantiki ya kitaasisi zaidi ya kinadharia. Mitandao ya nyuroni haina kanuni za kusomwa, na mantiki ya fazi ya Mamdani haina kitu isipokuwa kanuni za kusomwa. Kuvumilia makosa madogo ni sifa ya pamoja iliyo finyu mno kujengea taaluma. Zadeh mwenyewe, inafaa ikumbukwe, mwaka 1996 alirudi kwenye hoja ya kukokotoa kwa maneno kana kwamba anawakumbusha wenzake walikotoka.

Ukosoaji bora wa kipindi hicho ulitolewa na Charles Elkan mwaka 1993, na namna ulivyopokewa inafundisha. Makala yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilitoa thibitisho kwamba, kwa masharti fulani, mantiki ya fazi huporomoka na kuwa mantiki ya kawaida yenye thamani mbili. Ya pili ilisema kwamba mifumo iliyofanikiwa ilikuwa midogo, haikuunganisha kanuni katika minyororo mirefu ya hitimisho, na ilirekebishwa kwa mkono hadi ikafanya kazi. Kwa hiyo mafanikio yake hayathibitishi ubora wa mantiki hiyo. Mwaka 1994 watetezi wengi walijibu. Wakaelekeza nguvu nyingi kwenye sehemu ya kwanza, ambapo walikuwa na haki, kwa kuwa masharti ya Elkan yalijumuisha usawa wa kimantiki ambao mantiki ya fazi haiukubali. Petr Hájek alikuja kuiweka nadharia hiyo kwenye msingi imara mwaka 1998. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa na uzito kwa mtumiaji, iliachwa ipite. Laiti ingejibiwa, pengine ingekubaliwa wazi kwamba kilichobeba mifumo hiyo ni ujuzi wa waendeshaji, na kwamba kuuondoa ujuzi huo ili kuongeza usahihi wa namba ni kubadilisha biashara.

Suala la usomekaji lilirudi baadaye. Kitabu kilichohaririwa na Casillas, Cordón, Herrera na Magdalena mwaka 2003 kilikusanya kazi nyingi kuhusu namna ya kuzuia mafunzo ya kompyuta yasiharibu maana ya maneno: grafu ya "ndogo" isije ikavuka ya "wastani", idadi ya maneno isizidi kiasi, kanuni zisiwe ndefu. Hayo ni masharti ya maana. Hata hivyo, kuhesabu kanuni ni jambo moja na kumpa mtu azisome ni jingine. Mfumo wenye kanuni tisa fupi ambazo hakuna afisa aliyezielewa una alama nzuri za usomekaji na hausomeki.

Pembetatu kwenye meza ya mshauri

Kwa washauri wa sera, mkondo unaogusa maamuzi moja kwa moja ni ule wa kuchagua kwa vigezo vingi: mahali pa kuweka dampo, eneo la kuchimba visima, kata za kupewa kipaumbele cha kinga ya mafuriko. Mbinu inayotumika sana ni mchakato wa ngazi wa uchambuzi uliobuniwa na Thomas Saaty, uliofanywa wa fazi. Mtaalamu huulizwa kigezo kimoja ni muhimu kiasi gani kuliko kingine. Jibu lake, tuseme "muhimu kiasi", hubadilishwa kuwa pembetatu ya namba kama 2, 3 na 4. Pembetatu zote huchakatwa na uzito wa kila kigezo hupatikana.

Pembetatu hizo hutoka wapi? Kwa kawaida hutoka katika jedwali lililonakiliwa kutoka makala iliyotangulia, nayo iliyonakili. Mtaalamu hakuulizwa kama "muhimu kiasi" kwake huanzia 2 na kuishia 4. Saaty na Liem Tran waliandika mwaka 2007 kuipinga desturi hii, wakidai kwamba hukumu za mbinu hiyo tayari zinavumilia ukosefu wa mipaka na kwamba kuongeza ufazi juu yake hakuleti matokeo bora. Mtu anaweza kumshuku Saaty kwa kuitetea mali yake. Hawezi kumshuku kirahisi Ying-Ming Wang na wenzake, ambao mwaka 2008 waliuchambua utaratibu wa Da-Yong Chang wa mwaka 1996, mmojawapo wa taratibu zinazotumiwa zaidi, na kuonyesha kwamba unaweza kukipa kigezo uzito wa sifuri.

Athari ya sifuri hiyo haihitaji hesabu ngumu. Utaratibu wa Chang hulinganisha pembetatu mbili kwa kuangalia zinavyopandana. Zisipopandana kabisa, iliyo chini haipati kitu. Wataalamu wakisema kwamba umbali wa dampo kutoka visima ni muhimu zaidi ya gharama ya ardhi, na gharama ya ardhi ni muhimu zaidi ya umbali kutoka shule, kigezo cha shule kinaweza kutoka katika hesabu kabisa, ingawa hakuna mtaalamu aliyesema kwamba hakina umuhimu. Ramani itakayochapishwa itakuwa na rangi nzuri, na maelezo yake yatasema kwamba imezingatia vigezo vyote. Aliyeagiza utafiti hatajua kwamba kimoja kilizidishwa kwa sifuri. Makala za matumizi ya utaratibu huo ziliendelea kutolewa baada ya 2008, na tatizo hilo si siri; limo katika jarida la utafiti wa uendeshaji linalosomwa na wahakiki walewale.

Mshauri anayepokea ripoti ya aina hii ana haki ya kudai mambo ambayo hayahitaji ujuzi wa hisabati. Aonyeshwe grafu ya kila neno, na chini yake iandikwe ni nani waliulizwa, wangapi, wapi na kwa lugha gani. Aonyeshwe uzito wa kila kigezo, sifuri zikiwemo. Aone matokeo yanavyobadilika grafu ikisogezwa kidogo. Mfumo ambao orodha yake ya kata hupinduka kwa kusogeza pembetatu hatua moja haujafikia hatua ya kushauri. Aidha, palipotumika mafunzo ya data, aambiwe kama mtu yeyote mwenye kazi hiyo amezisoma kanuni zilizotokea na kuzikubali.

Dai la lugha ndilo linaloweza kuonekana dogo, na ndilo lenye kazi kubwa kwa watafiti wa ukanda huu. Kuigeuza dodoso ya Kiingereza kuwa "chini", "kati" na "juu" hakutoi kigeu cha kimaneno cha Kiswahili. Hutoa namba tatu zilizovaa maneno. Kuanzia upande wa pili kungehitaji kuwasikiliza watu wakizungumzia mvua bila kupewa chaguo, kukusanya manyunyu, rasharasha na mengineyo, kisha kuwaomba wayapange dhidi ya vipimo vya siku wanazozikumbuka. Mkazi wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam na mkulima wa Dodoma hawatachora grafu moja ya "mvua kubwa", na tofauti yao haitokani na ujinga wa yeyote: mmoja anapima kwa maji yanayoingia ndani, mwingine kwa udongo unaokunywa. Seti za fazi za aina ya pili, ambazo Zadeh alizitaja mwaka 1975 na Mendel akaziendeleza akihoji kwamba neno moja humaanisha tofauti kwa watu tofauti, zinatoa namna ya kuzihifadhi grafu zote mbili bila kuzichanganya kuwa wastani. Upana wa seti hizo, katika kazi nyingi, huwekwa na mtafiti mwenyewe au na kompyuta inayopunguza makosa. Msimbazi na Dodoma zingeweza kuupa upana huo data yake, pamoja na kiambatisho cha ripoti kilichoandikwa kwa lugha ileile waliyoulizwa nayo.